Wikiendi na marafiki ukisoma Leipzig: mwongozo kamili, kuanzia Jumatatu

Mwanafunzi mgeni nchini Ujerumani hushtuka mara mbili ndani ya wikiendi yake ya kwanza. Ijumaa jioni anawatafuta wenzake wa darasani, anakuta kila mmoja ana ratiba yake na imepangwa tangu wiki iliyopita. Jumapili asubuhi anatoka kununua mkate na sukari, anakuta supamaketi zote za mtaani zimefungwa. Katikati hapo kuna Jumamosi nzima ya kulala chali na simu mkononi.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, na kama ni saa ya chakula inaongezwa sahani. Huku hodi ya ghafla inamtia wasiwasi mwenye nyumba hata kama anakupenda. Wikiendi inapangwa kati ya Jumatatu na Alhamisi, na kwa mgeni mwenye watu wachache mpangaji ni yeye mwenyewe. Usingoje kualikwa. Alika. Anayepika na kuita watu huku hupata marafiki upesi kuliko anayejua Kijerumani kizuri, na hilo nalisema nikiwa nimewaona wa aina zote mbili.

Nimechukua Leipzig kwa sababu ndilo jiji ninaloweza kulielekeza mtaa kwa mtaa. Lina chuo kikuu cha tangu 1409, kodi za nyumba zilizokuwa nafuu na sasa zinapanda, na historia ndefu ya kupokea wanafunzi wa nje: tangu miaka ya 1950, enzi za Ujerumani Mashariki, vijana kutoka Afrika walikuwa wakiletwa hapa kusomeshwa Kijerumani kabla ya kwenda vyuoni. Ni Ujerumani Mashariki hiyohiyo iliyojenga maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani kule Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukiwa Bayreuth, Göttingen au Hamburg, mengi ya hapa yatakufaa pia. Badilisha tu majina ya mitaa.

Saa zote nimeziandika kwa hesabu ya huku: 19:00 ni saa moja usiku. Fanya hivyohivyo ukituma ujumbe kwa kundi lenye Waswahili na wasio Waswahili, maana "njooni saa mbili" ina tafsiri nyingi kuliko unavyodhani. Na Mjerumani akikutajia "halb acht", anamaanisha 19:30, nusu saa kabla ya nane yao. Usije ukafika 20:30 wali umeshapoa.

Jumatatu: chagua jambo moja tu

Wikiendi ya mwanafunzi ina mambo mengi ya lazima: kufua, kusoma, kazi ya muda. Kwa hiyo weka jambo moja kubwa, mengine yawe mepesi kulizunguka. Jambo kubwa linaweza kuwa chakula cha Jumamosi jioni, safari ya siku moja kwa treni, au siku ya ziwani kama ni kiangazi. Ukiweka mawili makubwa, Jumapili utakuwa hoi na Jumatatu una semina.

Kama unafanya kazi wikiendi, angalia kwanza zamu zako. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, kiwango kilichowekwa Machi 2024. Siku hizo zina thamani, na zamu ya Jumapili mara nyingi ina malipo ya nyongeza, kwa hiyo usiitupe kwa ajili ya sherehe ambayo ingeweza kuwa Ijumaa.

Jumanne: alika, na uandike kila kitu

Mwaliko wa huku una vipande vitano: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali pamoja na jina lililo kwenye kengele ya mlango, na kitu ambacho mgeni alete. Usione haya kuandika saa ya kumaliza. Wageni wa Kijerumani watakushukuru, na ndugu zetu watajua kwamba mara hii basi la mwisho si utani.

Jina la kwenye kengele ni muhimu kuliko linavyosikika. Majengo hayana namba za vyumba mlangoni. Kuna orodha ya majina ya ukoo. Mtu anayekujua kwa jina moja tu atasimama nje kwenye baridi akikupigia simu wakati wewe unakaanga vitunguu na husikii.

Kwa Wajerumani, wiki mbili kabla si mapema sana. Kwa wanafunzi wa kimataifa, siku nne zinatosha. Kwa Watanzania na Wakenya waliopo mjini, wape taarifa Jumanne, wakumbushe Ijumaa, na Jumamosi mchana uwapigie.

Katika ujumbe huohuo uliza nani hali nyama, nani hali chochote kitokanacho na mnyama, nani anataka halali, na nani ana mzio. Kati ya wanafunzi wa Kijerumani wasiokula nyama ni wengi, na swali hili halimshangazi mtu. Likikosekana ndipo utakuta mtu anakula kachumbari peke yake.

Kuhusu cha kuleta, usiseme "leteni chochote". Utapata mifuko minane ya chipsi. Gawa: wawili walete vinywaji, mmoja mkate, mmoja saladi, mmoja kitu kitamu. Huku si aibu hata kidogo kumwambia mgeni alete. Aibu ni mgeni kuja mikono mitupu. Sisi tunaotoka kwenye kamati za harusi tunalijua jambo hili vizuri kuliko wenyeji, ila hapa hakuna kadi ya mchango wala mweka hazina wa kukufuatilia.

Na nani wa kualika? Kama bado huna watu, anzia sehemu tatu. Wenzako wa jiko la pamoja hosteli, kwa sababu watasikia harufu hata usipowaalika. Wanafunzi wa semina unayokaa nao kila wiki. Halafu wanafunzi wa Kiswahili: taasisi ya masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Leipzig hufundisha Kiswahili, na hao wanatafuta mtu wa kuzungumza naye kuliko unavyowatafuta wewe. Unampa saa moja ya Kiswahili, anakupa saa moja ya Kijerumani. Nimeona urafiki wa miaka ukianzia kwenye meza ya namna hiyo, na ndio ninaoupendekeza kwa mtu mwenye aibu, kwa sababu una shughuli na una muda maalumu.

Jumatano: pesa

Anayekuja Ujerumani kwa viza ya masomo huonyesha kwenye akaunti maalumu euro 11,904 kwa mwaka, na hutolewa euro 992 kwa mwezi. Ukitoa kodi, bima ya afya na simu, kinachobaki si kingi. Tenga kiasi cha wikiendi mapema na ukitoe taslimu. Euro 30 zinatosha ukipika nyumbani na wenzako wakachanga. Hazitoshi ukila mgahawani Ijumaa na Jumamosi.

Mgahawani mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake. Jibu la kawaida ni kila mtu chake, hata kwa marafiki wa miaka kumi, hata kwa wapenzi. Usichukulie kuwa ni ubahili, na wala usikimbilie kulipia meza nzima ili kuonyesha utu. Utawafanya wajione wana deni. Bakshishi hutajwa wakati wa kulipa: bili ikiwa euro 13.60, unasema "fünfzehn" na mhudumu anaelewa kuwa achukue 15. Mahali pengi wanachukua kadi sasa, lakini baa ndogo na vibanda vya kebab bado vinaweza kukataa, ndiyo sababu ya ile taslimu.

Kumbuka pia kwamba ukimwambia mtu kwa Kijerumani kuwa unamwalika mahali, "ich lade dich ein", umeahidi kulipa. Kama nia ni kwenda pamoja tu, sema twende pamoja.

Alhamisi: manunuzi ya mbali

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Supamaketi za kawaida zina mchele, nyanya, vitunguu, maharage mekundu ya kopo na tui la nazi la kopo la mililita 400. Vingine vifuate kwenye maduka ya Waarabu na Waturuki ya Eisenbahnstraße, mashariki ya kituo kikuu cha treni. Magazeti yameuandika mtaa huo kwa miaka kama mahali pa hatari. Mchana wa Alhamisi utakachokutana nacho ni akina mama wanaochagua bamia. Nyama ya halali iko pale, mbuzi mara nyingine, kondoo karibu kila siku. Dhania ya majani inauzwa kwa mafungu makubwa kwa bei ambayo supamaketi wanakupa vijiti vitatu.

Unga wa ugali tafuta duka la Kiafrika. Unga wa njano wa supamaketi, ule wa polenta, unaiva lakini haushikani, na ukiwapa wageni wa kwanza ugali huo watakuwa na picha mbaya ya taifa zima.

Viungo vya pilau vinapatikana vyote, ila kuna mtego mmoja. Bizari nyembamba, wanayoiita uzile Unguja, hapa ni Kreuzkümmel. Kwenye rafu ileile kuna Kümmel tupu, mbegu inayofanana nayo kwa macho lakini ladha yake ni ya mkate na kabichi. Ukiitia kwenye pilau hakuna cha kuiokoa. Nusa kabla ya kununua, au nunua kwa Waarabu ambako pakiti ni kubwa na bei ni ndogo. Zimt ni mdalasini, Nelken ni karafuu, Kardamom ni hiliki.

Kwa chapati chukua unga wa ngano wenye namba 550. Wa 405 ni laini zaidi na unafaa keki. Kwa mchicha, spinachi ya kugandishwa iandikwe Blattspinat. Ikiandikwa Rahmspinat imeshatiwa krimu. Sukuma wiki ina ndugu yake anayeitwa Grünkohl, anapatikana majira ya baridi, ana majani magumu zaidi, kwa hiyo umkatekate vipande vyembamba na umpe dakika tano za ziada jikoni.

Nenda na mfuko wako. Kwenye kaunta mtunza fedha hupitisha bidhaa kwa kasi ya kutisha na hakuna wa kukufungia. Rudisha kila kitu kwenye toroli, lipa, kisha pangia pembeni.

Ijumaa: jioni nyepesi

Ijumaa ni siku ya kutoka bila kutumia nguvu. Mpango wangu wa siku zote kwa mgeni wa Leipzig ni kanisa la Mtakatifu Thomas, Thomaskirche, Ijumaa 18:00. Johann Sebastian Bach aliongoza muziki hapo kuanzia 1723 hadi kufa kwake 1750, na kwaya ya wavulana aliyoifundisha bado ipo na huimba Ijumaa jioni na tena Jumamosi 15:00. Kiingilio ni euro chache. Wakati wa likizo za shule huimba kwaya za wageni. Kwa aliyelelewa na kwaya za Kilutheri za Kilimanjaro au Kagera, ni saa moja tamu kweli; kwa Mwislamu au asiye na dini ni tamasha la bei nafuu mahali penye joto.

Baada ya hapo, dakika chache kwa miguu, kuna Moritzbastei, ngome ya chini ya ardhi ya karne ya 16. Ilikuwa imefukiwa na vifusi, na wanafunzi wa chuo waliichimbua kwa mikono yao kati ya 1974 na 1982 ili wapate klabu. Mmoja wa wachimbaji hao alikuwa mwanafunzi wa fizikia, Angela Merkel. Hadi leo ina kahawa, muziki na kumbi za matofali ambamo mtandao wa simu hupotea, kwa hiyo panga mahali pa kukutana kabla hamjashuka.

Usipokunywa pombe, usijieleze. Agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, au bia isiyo na kilevi, ambayo ni ya kawaida kabisa huku. Glasi zikigonganishwa, mtazame machoni kila unayegongana naye. Wanalichukulia kwa uzito wa ajabu, na hawajali kilichomo kwenye glasi.

Kurudi: mabasi ya usiku, Nightliner, huondoka kituo kikuu kwa saa rahisi kukariri, 1:11, 2:22 na 3:33. Hata hivyo zihakiki kwenye programu ya simu ya kampuni ya usafiri, LVB, maana ratiba hubadilika wakati wa matengenezo. Ukipanda tramu bila tiketi na ukakamatwa, faini ni euro 60, na "sikujua" haijawahi kumsaidia mtu.

Jambo ambalo sipendi kuliandika lakini ni lazima: Saxony, jimbo lenye Leipzig, ina watu wema wengi, na ina pia wachache wanaomtukana mtu mweusi kwenye tramu, hasa usiku na siku za mechi. Rudini wawili wawili, kaeni mbele karibu na dereva, na kila mmoja aandike kwenye kundi la WhatsApp akifika. Namba ya polisi ni 110. Ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Jambo likitokea, andika saa na namba ya tramu papo hapo.

Jumamosi asubuhi: mambo ya nyumba

Kabla ya 11:00 fanya mambo mawili. La kwanza, bandika karatasi kwenye ngazi za jengo: jina lako, kwamba leo jioni una wageni, watamaliza saa ngapi, na namba yako ya simu endapo sauti itazidi. Utulivu wa usiku huanza 22:00 hadi 6:00, na jirani aliyeshaarifiwa hupiga simu kwako kabla ya kuwapigia polisi. Ukimpelekea sahani ya maandazi, huenda asipige kabisa.

La pili, maliza manunuzi yote. Kisheria maduka ya Saxony yanaweza kufunguliwa hadi 22:00 Jumamosi, lakini mengi hufunga mapema, na hayafunguki tena hadi Jumatatu. Jumapili inalindwa na katiba yenyewe: kifungu cha katiba ya Weimar ya 1919 kinachoitaja kuwa siku ya mapumziko kilihamishiwa katika katiba ya sasa. Nunua mkate, maziwa, karatasi za chooni na dawa ya maumivu ya kichwa. Ukisahau kabisa, ndani ya kituo kikuu cha treni kuna maduka ya chakula yanayofunguliwa Jumapili, na utamkuta kila mtu aliyesahau kama wewe kwenye foleni.

Jumamosi mchana: pilau ya watu kumi kwenye jiko la umeme

Hiki ni kiini cha wikiendi, na kina ufundi wake kwa sababu majiko ya hosteli hayana moto wa kupandisha na kushusha haraka.

Anza na sufuria isiyo na nyama. Makopo manne ya maharage mekundu, kitunguu, nyanya mbili, kopo moja la tui, chumvi, binzari ya manjano kidogo. Ikiiva iweke pembeni na mwiko wake, na mwiko huo usiguse nyama. Wasiokula nyama huangalia jambo hilo, hata kama hawasemi.

Kisha pilau. Vikombe sita vya mchele wa basmati, nyama kilo moja na nusu, vitunguu vikubwa sita, kichwa kizima cha kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole, vijiko vitatu vya chakula vya bizari nyembamba, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu na pilipili manga punje kumi kila moja, hiliki nane. Chemsha nyama kwanza kwa chumvi na nusu ya tangawizi mpaka ilainike, hifadhi supu. Osha mchele na uuloweke dakika 20, uchuje.

Fungua dirisha kabla hujakaanga vitunguu. Vyumba vyote vina king'ora cha moshi, na katika hosteli nyingine kinaita zimamoto moja kwa moja. Wakija bure, bili inaweza kukufuata. Kaanga vitunguu polepole hadi viwe na rangi ya kahawia iliyokoza, kwani ndivyo vinavyoipa pilau rangi. Tia kitunguu saumu, tangawizi na viungo, kisha nyama, kisha mchele uugeuze dakika mbili, kisha vikombe tisa vya supu ya moto.

Jiko la kioo hubaki na joto hata ukilizima, na hapo ndipo pilau huungulia chini wakati juu bado ni mbichi. Supu ikishakaribia kukauka, hamishia sufuria yenye mfuniko kwenye oveni iliyowashwa nyuzi 150, uiache dakika 20. Ni kupalia kwa umeme, bila makaa juu ya mfuniko. Hakikisha tu sufuria haina mishikio ya plastiki.

Kachumbari ikatwe dakika za mwisho, pilipili iwe kwenye bakuli la peke yake. Mjerumani akikuambia anakula pilipili, mpe kidogo kwanza.

Kama ni kiangazi na watu wanataka nje, hamishia karamu bustani ya Clara-Zetkin-Park. Vijana hukaa kwenye daraja la Sachsenbrücke hadi giza liingie, na giza la Juni huingia baada ya 21:30. Kuchoma nyama kunaruhusiwa kwenye maeneo yaliyotengwa tu. Tafuta orodha kwenye tovuti ya jiji kabla hujabeba mkaa. Au chukueni baiskeli kupitia msituni hadi ziwa la Cospudener See, kusini mwa mji. Lilikuwa shimo la makaa ya mawe, likajazwa maji na kufunguliwa mwaka 2000. Baiskeli iwe na taa mbele na nyuma. Na soma mabango ufukoni: penye herufi FKK watu huoga uchi, wazee kwa vijana, bila mtu kumshangaa mwenzake. Aliyelelewa pwani ya Kiswahili ni bora alijue hilo kabla ya kutandika mkeka.

Jumamosi jioni: mwenye nyumba anafanya nini

Wageni wa Kijerumani watagonga 19:00 kamili, pengine na dakika tano. Usiwe bafuni. Watavua viatu mlangoni bila kuambiwa, watakupa chupa au ua, na watauliza "nikusaidie nini?" Wanamaanisha. Mpe kisu akate nyanya; mgeni mwenye kazi hana aibu, na jikoni ndiko mazungumzo ya kweli huanzia. Kumkatalia kwa heshima ya mgeni, kama tulivyofundishwa, kunamwacha amesimama hajui aweke wapi mikono.

Ukimkaribisha mara moja kuongeza chakula naye akasema hapana, basi ameshiba. Usimsukumie sahani. Sisi tukisema hapana ya kwanza tunangoja ya pili. Mweleze jambo hilo mezani, litawachekesha na litamsaidia siku akialikwa kwa mama yako.

Wasiojuana wakalishe mchanganyiko. Ukiwaacha Waswahili upande mmoja, baada ya robo saa mtakuwa mnacheka kwa Kiswahili na upande wa pili utaanza kutazama simu. Kiswahili kizungumzwe, ila kuwe na mtu wa kutafsiri utani. Mchezo wa karata huvunja ukimya kuliko muziki. Wafundishe "last card" ya nyumbani, wao watakufundisha Skat na hutaielewa.

22:00 punguza muziki na funga madirisha. Anayetaka kuendelea aelekezwe Karl-Liebknecht-Straße, mtaa wenye baa nyingi, ambao wenyeji wanaufupisha KarLi.

Kama kuna mwenye siku ya kuzaliwa, usimtakie heri kabla ya usiku wa manane wa siku yenyewe. Huku kuwahi kunaaminiwa kuleta nuksi. Na keki huleta mwenye siku, hanunuliwi.

Jumapili: polepole

Usifue kwa mashine kabla ya kusoma kanuni za jengo, usitoboe ukuta, na usipeleke chupa kwenye mapipa ya mtaani ya vioo, kelele zake siku hiyo ni kosa. Pumzika kama wenyeji. Saa za mchana wanatembea, kutembea kweli, bila kwenda popote. Karibu 15:30 ni kahawa na keki. Saa 20:15 nchi nzima hukaa mbele ya filamu ya upelelezi ya televisheni ya ARD, na baa nyingine huionyesha kwenye ukuta. Kualikwa kuitazama nyumbani kwa mtu ni hatua kubwa ya urafiki kuliko kualikwa kwenye sherehe.

Kama bado mna nguvu, pandeni treni. Vyuo vingi huwapa wanafunzi Deutschlandticket kwa bei ya chini ya ile ya kawaida, ambayo ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Inafanya kazi kwenye treni za mikoa, tramu na mabasi nchi nzima, lakini si kwenye treni za masafa marefu, ICE na IC. Dresden ni kama saa moja na nusu. Wageni wasio na tiketi hiyo wanaweza kununua Sachsen-Ticket moja ya watu hadi watano, inayofaa Saxony, Saxony-Anhalt na Thuringia, na wikiendi huanza tangu usiku wa manane. Andikeni majina yenu juu yake, la sivyo mkaguzi ataihesabu kuwa si halali.

Pigia nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Afrika Mashariki iko mbele saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, na saa za Ulaya hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mama hatabadilisha saa yake kwa ajili hiyo.

Jumatatu: hesabu

Piga picha risiti za manunuzi, gawanya, tuma kwenye kundi kiasi cha kila mtu na jinsi ya kukulipa. Fanya hivyo kabla ya Jumanne. Baadaye inakuwa vigumu kudai, na wenzako Wajerumani watakuwa wameshauliza wenyewe mara mbili.

Kusanya makopo na chupa za plastiki bila kuziponda, uzirudishe supamaketi; mashine ya kuzipokea haisomi alama zilizokunjika. Kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja inarudisha senti 25, chupa ya bia ya kioo senti 8. Karamu ya watu kumi ikiacha makopo 24, hizo ni euro 6, na zinatosha mchele wa Jumamosi inayofuata. Tuma na tarehe yake katika ujumbe huohuo wa hesabu.